Rangi Nne na Dohani Isiyotoa Moshi



Wapenzi wasomaji, sisi watu wa mwambao tumezoea kuchorwa. Tangu mwaka 2011 kisiwa cha Lamu kimekuwa kikipokea wachoraji kutoka ng'ambo katika tamasha lao, nao husimama vichochoroni na ufukweni Shela, wakichora majahazi, milango ya nakshi na kuta za matumbawe. Kwa hivyo uchoraji wa nje, yaani ule wa kusimama mbele ya kitu chenyewe na kukichora papo hapo, si jambo geni kwetu. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumwona mchoraji amesimama mbele ya ghala la mahindi, stesheni iliyoota nyasi, au kiwanda kilichofungwa?

Suali hilo ndilo lililotushughulisha tulipokuwa Kitale na Bungoma. Ilikuwa katika miaka ile ambayo dohani za kiwanda cha karatasi cha Webuye zilikuwa zimezima. Mtoto wa ndugu yetu alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne, na moyo wake wote ulikuwa katika rangi za mafuta. Baba yake hakupendezwa, naye alikuwa na hoja mbili, moja ya dini na moja ya riziki. "Picha hizi zitamweka wapi mbele ya Mola wake," alituuliza, "na zitamlisha nini?" Kwa kuwa tulikuwa tukienda kuwazuru wakwe zetu Bungoma, alituomba tumchukue kijana kwa wiki mbili, tumtazame akifanya kazi yake, kisha tumletee shauri la kweli. Makala haya yametokana na shauri hilo. Tumeona tuwashirikishe wazazi wengine, kwani nyumba zenye mtoto wa namna hii si chache.

Hoja ya dini

Kabla ya kufunga mizigo tulimwendea sheikh wa mtaa wetu. Alitukumbusha kisa kilichopokewa katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim. Mtu mmoja alimjia Sayyidna Abdullah bin Abbas (Radhi za Allah ziwe juu yake) akamweleza kwamba riziki yake hutokana na kazi ya mikono yake ya kutengeneza picha. Ibn Abbas alimsimulia makemeo ya Mtume (S.A.W.) kwa wanaotengeneza sura za viumbe, na uso wa yule mtu ukageuka kwa hofu. Ndipo alipomwelekeza kwamba, ikiwa hana budi, basi achore miti na kila kisicho na roho.

Ulamaa wamekhitalifiana katika mengi yahusuyo picha, na si kazi ya ukurasa huu kuamua baina yao. Lakini katika taswira ya kisicho na roho, jumhuri yao hawakuona kizuizi. Sheikh alituongezea mfano ambao ulimfurahisha sana kijana. Katika Msikiti Mkuu wa Damascus, uliojengwa na Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik mwanzoni mwa karne ya 8 Miladi, kuta zilipambwa kwa vipande vidogo vya vioo vya rangi vinavyoonyesha miti, mito, madaraja na majumba ya mji mzima, wala hamna ndani yake mtu wala mnyama. Yaani mji usio na watu ulishachorwa na Waislamu miaka elfu moja na mia tatu iliyopita.

Tukatoka kwa sheikh na sharti moja: kijana achore majengo, mitambo, reli na miti, na awaache viumbe. Wakati huo tulilidhania sharti hilo kuwa ni upungufu ambao angeuvumilia tu. Baadaye tulikuja kujua sivyo.

Rangi nne, basi

Sharti la pili kijana alijiwekea mwenyewe. Katika sanduku lake mlikuwa na mirija minne ya rangi: nyeupe ya titani, ocha ambayo ni udongo wa manjano, siena ya kuchomwa ambayo ni udongo wa hudhurungi nyekundu, na bluu iitwayo altramarini. Hakuwa na nyeusi, hakuwa na kijani. Tulidhani ni uhaba wa pesa. Akatueleza, "Ami, rangi zikiwa nyingi nazifuata zenyewe. Zikiwa chache nafuata ninachokiona."

Si yeye aliyeanzisha desturi hiyo. Anders Zorn wa Sweden, aliyeishi kati ya mwaka 1860 na 1920, anajulikana hadi leo kwa kutumia nyeupe, ocha, nyekundu na nyeusi tu katika kazi zake nyingi. Karibu na nyumbani tunaye Edward Saidi Tingatinga, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, juu ya vibao vya mraba. Alitumia alichokipata dukani, na akafariki mwaka 1972 akiwa ameacha mtindo unaobeba jina lake.

Hata mirija yenyewe ina kisa. Hadi katikati ya karne ya 19 wachoraji walihifadhi rangi ya mafuta katika vibofu vya nguruwe vilivyofungwa kwa uzi, vikipasuka ovyo na rangi kukauka. Mwaka 1841 mchoraji wa Kimarekani, John Goffe Rand, alisajili hakimiliki ya mrija wa bati wenye kifuniko. Ndipo ikawa rahisi kuchukua rangi mfukoni na kutoka nje. Aidha, wachoraji walipotoka hawakwenda mashambani peke yake. Mwaka 1877 Claude Monet wa Ufaransa aliomba ruhusa kwa wakuu wa stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, akachora treni, paa za vioo na mvuke mara kadhaa mfululizo. Maana yake, mirija ya kiwandani ndiyo iliyomwezesha mchoraji kwenda kuchora kazi za viwanda.

Na kuhusu ile bluu, bibi zetu waliijua kabla ya kijana huyu. Jina altramarini maana yake ni kitu kilichotoka ng'ambo ya bahari, kwa kuwa zamani ilisagwa kutokana na jiwe la lazuwardi lililochimbwa Badakhshan huko Afghanistan, na bei yake Ulaya ilishindana na dhahabu. Katika miaka ya 1820 wataalamu wa Ufaransa waligundua namna ya kuitengeneza kiwandani. Bei ikaporomoka, na rangi ya wafalme ikashuka hadi kwenye beseni la kufulia. Ndiyo ile nili ambayo bibi zetu waliitia katika maji ya mwisho ili kanzu ya Ijumaa iwe nyeupe zaidi.

Kitale: mwanga baina ya sala mbili

Kitale ni mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, katika eneo la mahindi la Trans Nzoia. Reli iliufikia mwaka 1926 kwa tawi lililotoka upande wa Eldoret, na huko ndiko ilikoishia. Treni za abiria zimekoma kitambo. Tulipofika, mavuno yalikuwa yamepamba moto. Matrekta na malori yalipanga foleni kuelekea maghala ya nafaka, na minara ya silo ya saruji na mabati ilionekana kutoka mbali kama ngome.

Mtu wa pwani ataona baridi, na ataona pia kwamba jua la huko halichelewi. Karibu na ikweta jua hupanda wima, kivuli kilichokuwa kirefu saa moja asubuhi huwa kimekatika saa tatu. Mchoraji wa nje ana muda wa saa moja na nusu, au mbili kwa uchache wa mawingu, kabla ya picha aliyoianza kuwa ya mahali pengine. Ndipo tulipogundua jambo lililotupendeza: ratiba ya kazi hii ni ratiba ya sala. Mwanga mzuri wa kwanza ni baada ya Alfajiri jua likishachomoza, na wa pili ni baada ya Alasiri hadi karibu na Magharibi. Adhuhuri vivuli hujificha chini ya vitu na kila kitu hulala bapa. Kijana alisali, akachora, akapumzika mchana, akasali Alasiri, akachora tena.

Siku ya kwanza alijichagulia ukingo wa barabara unaotazama minara ya nafaka. Kabla ya kufungua sanduku alikwenda kumsalimu mlinzi wa lango na kumwomba idhini. Adabu hii tunaisisitiza kwa kila kijana. Mtu anayekodolea macho ghala la chakula kwa saa mbili, akiandika andika kitu, ni haki ashukiwe. Mlinzi aliuliza kama alikuwa mpimaji wa ardhi, kwani palikuwa na maneno ya uzio kuhamishwa. Alipojua ni picha, alicheka akasema, "Ghala hili nimelilinda miaka sita, sijaona kitu cha kuchora. Kaa hapo, ukimaliza unionyeshe."

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kibao cha plaiwudi kisichozidi ukubwa wa daftari kubwa hupakwa tabaka la rangi nyeupe ya msingi nyumbani, siku kadhaa kabla. Pale uwanjani, siena iliyochujuliwa kwa tapentaini hutumika kuweka mistari michache: ukingo wa paa, mnara unasimama wapi, barabara inapita wapi. Kisha mchoraji hufumba macho nusu. Macho yakiwa nusu, mambo madogo hupotea, hubaki maumbo matatu au manne ya mwanga na giza. Hayo ndiyo huwekwa kwanza. Asiyeyapata hayo hawezi kuokolewa na madirisha wala mabomba atakayoyachora baadaye. Rangi nyembamba hutangulia na nzito hufuata, kwani ya juu ikikauka kabla ya ya chini, picha itapasuka.

Kijana alituita tutazame kibao chake cha kuchanganyia. Altramarini na siena zikikutana huzaa weusi wenye kina, na weusi huo ukiongezwa nyeupe huwa kijivu. Lakini si kijivu kimoja. Siena ikizidi kidogo, ni kijivu cha joto cha saruji iliyopigwa na jua. Bluu ikizidi, ni kijivu cha baridi cha upande wa kivuli. Mnara wote wa nafaka, ambao sisi tuliuona wa rangi moja tu, ulikuwa na vijivu zaidi ya kumi. Mabati yenye kutu yalitoka moja kwa moja katika siena, kama kwamba udongo ule ulitengenezwa kwa ajili yao. Na kijani? Ocha na bluu huzaa kijani kilichofifia, ambacho hakiwezi kuushinda mhindi mbichi wala mgomba. Ila ukikizungushia vijivu, jicho hukikubali kuwa ni kijani kamili. Rangi haijitegemei, huonekana kwa jirani yake. Tulikumbuka watu wengine katika jamii zetu ambao hali yao ni hiyo hiyo.

Mlinzi alipoonyeshwa picha alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe asubuhi lina rangi ya waridi upande ule." Kwa miaka sita alikuwa amelipa mgongo.

Webuye: moshi uliotoka mkononi

Kutoka Kitale tuliteremka kwa barabara ya Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, mji wa Bungoma ulio chini ya vilima vya Chetambe. Wazee wanaukumbuka kwa jina la Broderick Falls, kwa ajili ya maporomoko ya Mto Nzoia yaliyo karibu. Reli kuu inayotoka Mombasa kwenda Uganda hupita hapo. Katika miaka ya 1970 Serikali ya Kenya, pamoja na wawekezaji wa Kihindi na Shirika la Fedha la Kimataifa lililo chini ya Benki ya Dunia, walijenga hapo kiwanda cha Pan African Paper Mills. Miti kutoka misitu ya nyanda za juu iligeuzwa rojo, na rojo likawa karatasi. Watu wengi waliosoma Kenya katika miaka ile waliandika juu ya karatasi ya Webuye, na mji mzima ulikua kwa sababu yake. Mwaka 2009 mitambo ikasimama.

Tulifika alasiri. Dohani zilikuwa zimesimama wima bila pumzi, mabati ya majengo yalikuwa yameota kutu, na nyasi zilikuwa zimefika magotini palipokuwa njia za miguu. Mbele yetu palikuwa na vibanda vitatu vya biashara vilivyofungwa kwa mbao, na ukutani mwa kimoja palibaki maandishi ya chai na mandazi. Kijana alifungua sanduku akafanya kazi kwa haraka, kwani mwanga ulikuwa mzuri ajabu.

Karibu na mwisho mzee mmoja mwenye baiskeli alisimama nyuma yetu. Tulisalimiana, akatutaka hali, akatazama picha kwa makini. Alitwambia alifanya kazi kiwandani kwa zaidi ya miaka ishirini. Kisha alinyoosha kidole.

"Kijana wangu, moshi huu umeutoa wapi?"

Tukatazama. Kweli, juu ya dohani ya kijana palikuwa na wingu jepesi la kijivu likielekea milimani. Hata sisi hatukuwa tumeligundua, kwa jinsi lilivyokaa vizuri.

"Nimeuweka mwenyewe, Mzee. Picha ilikuwa tupu upande wa juu. Nikaona ipendeze."

Mzee hakukasirika. Alisema polepole, "Ule moshi ulikuwa na harufu, na hakuna aliyeupenda. Lakini ulipokuwa ukitoka, watoto wangu walikuwa shuleni na mama yao alikuwa na duka. Ukiuweka hapo, mtu wa kwenu huko Mombasa atautazama na kusema, watu wa Webuye wanakula. Hatuli, kijana wangu. Uondoe."

Hatukuwa na neno. Kijana alichukua kitambaa akaufuta. Rangi ya mafuta ina rehema hiyo: hukauka taratibu, na kosa la leo linaweza kufutwa leo. Hata hivyo lilibaki doa hafifu katika anga, mahali pa moshi. Alitaka kulifunika, mzee akamwambia aliache.

Kisha yule mzee aliuliza suali jingine: "Mbona hukuchora watu?" Kijana alimweleza sharti tuliloliweka. Mzee alitazama tena picha: vibanda vilivyofungwa, njia iliyoota nyasi, lango lenye kufuli. "Umewachora," alisema. "Ukiangalia njia hii unajua watu walikuwa wakipita wangapi."

Usiku ule tulizungumza mpaka saa nne. Tulikuwa tumeyaona masharti kama kamba: rangi chache, viumbe waachwe, muda mfupi. Lakini pale Webuye masharti yaliusema ukweli wa mahali. Kiwanda kisicho na watu kilichorwa bila watu, na kutu ikachorwa kwa udongo. Lililoharibu picha ni lile ambalo halikuwamo katika sharti lolote: kuongeza kisichokuwepo ili ipendeze. Sisi Waislamu tunajua uzito wa ushahidi. Shahidi hatakiwi kuwa na maneno mengi. Hutakiwa asiseme asichokiona, na asifiche alichokiona. Tulimwambia kijana kwamba hilo ndilo shauri tutakalompelekea baba yake katika hoja ya kwanza.

Bungoma: moshi wa haki

Siku zilizobaki tulikuwa kwa wakwe zetu mjini Bungoma. Huko Uislamu ulifika mapema kupitia jirani yao Mumias, ambako misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa ikipumzika katika karne ya 19 chini ya utawala wa ukoo wa Nabongo. Kwa hivyo mtu wa mwambao hajihisi mgeni kabisa. Kati ya Webuye na mji wa Bungoma kipo kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978. Hicho kilikuwa kikifanya kazi. Matrekta yalivuta magari ya miwa, vipande vikaanguka barabarani na watoto wakaviokota, na harufu ya molasi ilitufikia kabla ya kuiona dohani.

Kijana alisimama pale akasita. "Ami, huu moshi nauona kwa macho yangu," alisema, kama mtu anayeomba idhini. Tukamwambia auchore basi, kama ulivyo. Akagundua kuwa ule wa Webuye aliokuwa ameuzua haukufanana na moshi wowote duniani. Moshi wa kweli, ukiwa mbele ya anga yenye mwanga, huonekana wa hudhurungi. Ukishuka mbele ya miti yenye giza, huo huo huwa wa samawati. Rangi nne zilimtosha, kwa kuwa siena na bluu ndizo hasa zilizohitajika. Wenyeji waliokuwa wakipita walisimama na kumwonyesha ni dohani ipi huwashwa kwanza na ipi hufuata. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Watu wale walikuwa wakituonyesha namna sukari ya chai yetu inavyoundwa.

Hoja ya riziki

Tulimwahidi ndugu yetu shauri la kweli, kwa hivyo hatukuficha. Uchoraji huu peke yake haulishi wengi. Hata waliopata jina Afrika Mashariki walishika na kazi nyingine. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, alikuwa mwalimu wa sanaa Makerere na baadaye akaiwakilisha Tanganyika mjini London kama balozi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Elimo Njau, aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, naye alikuwa mwalimu. Ushauri wetu ulikuwa kijana ajifunze ufundi wenye soko, na rangi ziwe pamoja nao wala zisiwe badala yake. Mkono uliozoea kupima mwanga na umbo hautapotea katika kazi ya ramani za majengo, useremala au uandishi wa mabango.

Kwa wazazi ambao watoto wao wana hamu hiyo, tuna maneno machache ya nyumbani. Anza na rangi nne na vibao vidogo. Mtoto asiyeweza kuchora kwa nne hataweza kwa ishirini. Tapentaini ina mvuke wenye madhara, basi itumike nje au madirishani, iwekwe mbali na watoto wadogo, wala isimwagwe mferejini. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe na kurundikwa pembeni, kwani vinaweza kujipasha moto na kuwaka vyenyewe bila kiberiti. Vitandazwe nje vikauke, au vitiwe katika maji. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya udhu, maana rangi ya mafuta ikiganda juu ya ngozi huzuia maji. Na kila anapokwenda kuchora mahali pa kazi za watu, atangulize salamu na kuomba ruhusa.

Mwisho

Tuliporejea Mombasa, ndugu yetu alizipanga picha zote sebuleni juu ya mkeka. Alipita haraka juu ya minara ya Kitale, akaupenda moshi wa Nzoia. Mbele ya ile ya Webuye alichuchumaa. Aliuliza lile doa la angani ni nini, mwanawe akamsimulia kisa chote, na maneno ya yule mzee kama alivyoyasema. Ndugu yetu hakutoa hukumu siku ile. Wiki iliyofuata alimwandikisha kijana katika chuo cha ufundi kwa masomo ya uchoraji wa majengo, na akamnunulia mrija mmoja wa rangi nyeupe, kwa kuwa ndiyo inayokwisha kwanza.

Kiwanda cha Webuye kiliuzwa kwa mwekezaji binafsi mwaka 2016. Picha ingali ukutani mwa sebule ile, mkabala na mlango. Mgeni akikaa, aghlabu huuliza kwa nini dohani haitoi moshi, na yeyote wa nyumba aliye karibu, hata mdogo wao wa miaka minane, humjibu.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.